Kiti cha Nyuma

Mtu akimuuliza Bi Uzi ni nguo gani kubwa kuliko zote alizowahi kushona, hutaja gauni moja la harusi lenye mkia wa mita nne. Hasemi kweli. Nguo kubwa kuliko zote ilikuwa na mabawa mawili na magurudumu matatu. Aliishona mara mbili, na mpaka anatimiza miaka hamsini hakuwa ameipanda hata mara moja.

Jina la Bi Uzi alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta bila kipande cha uzi kinachoning'inia begani au kilichobanwa kati ya midomo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, pasi nzito, kioo kilichopasuka kona moja, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuitoa kwa kuwa ilificha doa la unyevu ukutani. Mumewe alifundisha fizikia katika shule ya sekondari. Watu walimwita Mwalimu. Mkewe naye akamwita Mwalimu, mwanzo kwa heshima mbele ya watu, baadaye hata chumbani, mpaka jina alilopewa na mama yake likawa kama suti ya harusi: ipo kabatini, haivaliwi.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mchache wa maneno. Shangazi yake Bi Uzi alimfariji kabla ya ndoa: “Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu.” Basi Bi Uzi akausubiri mshindo. Ulikuja mwaka wa tatu, kwa umbo la ndege.

Mwalimu alirudi nyumbani siku hiyo na msokoto mrefu wa karatasi kwapani. Akaukunjua juu ya meza ya kulia, akauwekea vikombe pembeni usijikunje tena. Ilikuwa michoro ya ndege ndogo ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma yake, ya mtu kujiundia mwenyewe.

“Naijenga hii,” alisema.

“Wapi?”

“Hapa.”

Na kweli akaijenga hapo, kwa miaka sita. Kiwiliwili kilikaa uani chini ya mabati. Mabawa yalikaa sebuleni. Makochi yakahamia barazani, wageni wakahamia jikoni, na binti yao mchanga akajifunza kusimama kwa kushika mbavu za bawa, zile fito nyembamba za mbao zinazolipa bawa umbo lake. Injini ilitokana na jasho la Bi Uzi; alishona sare za shule mbili nzima ili ipatikane. Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alikuwa akichungulia juu ya ukuta kila Jumapili na kuuliza, “Nuhu wetu amefikia wapi?”

“Cheka tu,” Bi Uzi alimjibu. “Mvua ikija utatafuta nafasi. Nuhu alimpakia mkewe kwanza.”

Alisema hivyo kwa sababu aliamini. Mwalimu alikuwa amemwambia, na Mwalimu hakuwa mtu wa kutupa maneno: “Kiti cha nyuma ni chako.”

Mwaka wa sita ulikuwa wa kitambaa, na ndio mwaka ambao Bi Uzi angeuchagua kama angeambiwa achague mmoja wa kurudishiwa. Ndege ya namna ile haina ngozi ya bati. Huvikwa kitambaa kigumu kinachogundishwa kwenye fremu, kisha kupigwa pasi ya joto lililopimwa mpaka kinabana kama ngozi ya ngoma. Halafu kila ubavu wa bawa hushonwa, kwa uzi wenye nta na sindano ndefu kama mkono wa mtoto, toka upande wa juu hadi wa chini, fundo kwa fundo, ili upepo usije ukakifyonza kitambaa kikaachana na mbao. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi vizuri. Bawa husimamishwa wima kama ukuta, mmoja akae huku, mwingine kule. Huyu anasukuma sindano. Yule anaipokea, anaizungusha ubavu, anairudisha. Hawaonani.

Ndivyo walivyokaa jioni baada ya jioni, mke upande mmoja wa bawa, mume upande wa pili, na kati yao kitambaa cheupe kinachopitisha kivuli tu.

“Njoo,” Bi Uzi alisema, na sindano ikapenya.

“Nimeipata. Njoo.”

“Umevuta sana, legeza kidogo. Hii siyo gunia, Mwalimu.”

“Samahani, fundi.”

Sijui ni kutoonana, sijui ni kushika uzi mmoja. Mwalimu aliongea kupita kitambaa kile kuliko alivyowahi kuongea kabla. Alimweleza kuhusu baba yake aliyekuwa mkali. Alimweleza jinsi akiwa mdogo alivyopanda juu ya tangi la maji la shule, si kwa utundu, bali kwa sababu huko hakuna aliyeweza kumtuma. Bi Uzi alisikiliza, akapiga fundo, akasikiliza. Mafundo yalikuwa zaidi ya elfu moja. Bawa la pili lilipokamilika, alitamani ndege ingekuwa na la tatu.

Kilichofuata kilikuwa hesabu. Injini waliyopata ilikuwa nzito kuliko ile ya kwenye michoro, kwa hiyo pua ya ndege ilielemewa. Mwalimu alikokotoa usiku na mchana na kupata jibu ambalo lilimfurahisha Bi Uzi kuliko yeye mwenyewe: ndege isingeweza kuruka salama rubani akiwa peke yake. Ilihitaji uzito kwenye kiti cha nyuma, angalau kilo sitini. Mwalimu akampeleka mkewe kwenye duka la nafaka jirani, akamsimamisha juu ya mizani ya magunia.

“Mwalimu,” mwenye duka aliuliza, “unamuuza au unamnunua?”

Watu wakaangua kicheko. Kilo sitini na moja. Mwalimu akaandika kwenye kijitabu, na Bi Uzi akashuka kwenye mizani akijisikia kama jiwe la pembeni la nyumba: bila yeye, hairuki.

Siku ndege iliporuka kwa mara ya kwanza, Bi Uzi alisimama nje ya banda la uwanja mdogo, nje kidogo ya mji, akiwa amevaa suruali aliyojishonea kwa ajili hiyo. Mwalimu alipaa, akazunguka, akatua, na kwa furaha Bi Uzi hakuuliza ni uzito gani uliokaa nyuma. Akamweleza sheria: saa arobaini za kwanza angani ni za majaribio, abiria haruhusiwi. Bi Uzi akasema sawa, sheria ni sheria. Saa arobaini zilimaliza mwaka. Baada ya hapo injini ikafunguliwa. Baada ya injini, msimu wa upepo mbaya. Baada ya upepo, magurudumu. Kisha siku moja Mwalimu akamtazama juu hadi chini, akasema bila ubaya, kama anayesoma kipimajoto, “Umeongezeka. Itabidi nipige hesabu upya.”

Hesabu hiyo haikupigwa. Suruali ikabana, ikapewa mtu. Bi Uzi akaacha kuuliza. Kila Jumamosi Mwalimu aliondoka asubuhi na chupa ya chai, akarudi mchana ananukia petroli, uso umelainika. Miaka kumi na miwili ikapita hivyo, na mke akaizoea njaa yake.

* * *

Kitabu cha safari za ndege alikigundua kwa sababu ya mshono. Mwalimu alimwomba aende uwanjani akazibe sehemu iliyochanika kwenye kiti cha nyuma. Binti yao alikuwa ameshaondoka kwenda chuoni. Nyumba ilikuwa na mwangwi, na Bi Uzi akaona heri hata safari ya kwenda kushona kiti. Mwalimu alikuwa darasani. Bandani alikuwepo Fundi Grisi peke yake, mekanika aliyehudumia ndege tano za uwanja ule, mtu mfupi wa kucha nyeusi na mdomo usiofungwa.

“Karibu, shemeji! Leo ndege imepata mgonjwa au daktari?”

“Imepata fundi cherehani. Endelea na kazi yako.”

Aliinama ndani ya ndege. Nyuma ya kiti cha rubani kulikuwa na mfuko wa turubai, aliushona yeye, na ndani yake kitabu cha safari. Alikitoa ili kisichafuke. Kikafunguka. Kabla ya kila safari, rubani huandika uzito: mafuta, kiti cha mbele, kiti cha nyuma. Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa mdogo, umenyooka kama mishono.

Kiti cha nyuma: kilo 61. Akafungua ukurasa mwingine. Kilo 61. Mwaka uliopita, 61. Mwaka wa nyuma yake, 61. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na miwili, mwili mmoja wenye uzito uleule, usiozaa, usiougua, usiozeeka.

Bi Uzi alikuwa na kilo sabini na nne. Aliketi kwenye ngazi ya banda na sindano bado ikiwa mkononi. Alimtengenezea mwanamke huyo sura, kama mtu anavyokata kitambaa bila kuchora: mwalimu mwenzake labda, wa hisabati, mwenye kiuno chembamba. Akamvalisha gauni. Akamketisha juu ya kiti alichokishona yeye.

“Shemeji,” Bi Uzi alimwita Fundi Grisi, “huwa anapanda na nani?”

“Nani?”

“Mwalimu. Huyu wa kilo sitini na moja.”

Fundi Grisi alimtazama, akatazama kitabu, akaelewa, akaanza kucheka. Kisha akaona uso wa Bi Uzi na kicheko kikafia njiani. Akaenda pembeni mwa banda, akavuta gunia la turubai lenye mishikio miwili.

“Huyu hapa,” alisema. “Mchanga. Anamfunga mkanda kabisa. Sisi hapa tunamwita Bi Mdogo.” Akajikuna kichwa. “Utani tu, shemeji.”

Bi Uzi aliligusa gunia. Turubai lilikuwa masalio ya kitambaa cha duka lake. Kwa dakika moja alipata ahueni, kama mtu aliyeambiwa nyumba inayoungua si yake. Dakika iliyofuata ahueni ile ikageuka. Mwanamke angeweza kumchukia. Mwanamke angeweza kuwa na sauti tamu, au ujana, au ujanja fulani ambao yeye hana. Mchanga una nini?

“Kile kiti kinabeba kilo ngapi, shemeji?”

“Kile? Mpaka tisini.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Kwani hakukuambia?”

Alimaliza kuziba kiti. Alipiga mishono midogo, mizuri, kwa sababu mikono yake haikujua njia nyingine. Jioni alimsubiri Mwalimu aweke mkoba chini.

“Sitini na moja,” alimwambia.

Mwalimu alivua viatu. “Ndiyo hesabu ya mwanzo. Uzito wako wa siku ile. Nililijaza gunia kwa kipimo hicho.”

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Kwa namna fulani.”

“Kwa nini usinichukue mimi mwenyewe?”

Mwalimu alifikiri. Hilo lilikuwa jambo baya kwake na jema kwake: alipoulizwa swali, alitafuta jibu la kweli.

“Mchanga hauulizi,” alisema. “Siku nzima naulizwa. Wanafunzi, mkuu wa shule, wazazi. Nikirudi hapa, wewe. Si kwamba unauliza vibaya. Kule juu ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu ananingoja niseme kitu.”

“Ungeniambia ninyamaze.”

“Ungenyamaza ukiwa unangoja,” alisema Mwalimu. “Ni kitu kilekile.”

Bi Uzi alipakua chakula. Walikula. Sufuria aliisugua mpaka ikang'aa kuliko ilivyokuwa inahitaji.

* * *

Mwezi uliofuata Mkaguzi wa ndege alikuja uwanjani kwa ukaguzi wa mwaka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, jambo ambalo Bi Uzi aliligundua kwanza. Mwalimu alimwomba mkewe awepo, iwapo patahitajika kiraka. Mkaguzi alitoa kifaa kidogo chenye ncha butu, akakikandamiza juu ya bawa. Mahali pa kwanza kitambaa kilistahimili. Mahali pa pili, kule juani ambako mabati ya banda yalikuwa na tundu, ncha ilizama na kutoboa kama kidole kwenye karatasi iliyolowa.

“Kimekufa,” Mkaguzi alisema. “Jua limekila. Mabawa yote mawili na mkia.” Akainama, akaangalia kwa karibu, akapitisha kidole kwenye mstari wa mafundo. “Lakini mshono mzima. Sijaona mafundo yaliyolingana hivi. Nani alishona?”

“Tulishona nyumbani,” alisema Mwalimu.

Mkaguzi alimtazama Bi Uzi, akatazama uzi uliokuwa begani mwake. “Hongera, mama,” alisema, na akabandika kwenye propela kibandiko chekundu kilichoandikwa ISIRUKE.

Jumamosi ya kwanza bila ndege Mwalimu alipanga vitabu. Ya pili alipanga tena vilevile. Ya tatu alikaa barazani, ameshika chupa ya chai, anatazama juu. Hakuwa na hasira, na hakumlaumu mtu. Alikauka tu, taratibu. Binti yao alipopiga simu na kuuliza, “Mama, baba anaumwa?” Bi Uzi alijibu, “Haumwi, mwanangu. Yuko chini, basi.”

Mji ule ulikuwa na mafundi cherehani arobaini, na hata mmoja hakujua kushona bawa. Mwalimu alilijua hilo. Ilimchukua wiki moja zaidi kulitamka.

“Mke wangu,” alisema asubuhi moja. Ilikuwa muda mrefu hajatumia neno hilo. “Kile kitambaa.”

Bi Uzi alikuwa anapima urefu wa mkono wa koti. Hakuinua kichwa. “Nitashona. Ikimaliza majaribio, abiria wa kwanza mimi.”

“Nakuahidi.”

“Uliniahidi zamani.”

“Basi nakuapia.”

“Na uandike kitabuni. Uzito wangu wa leo, nione kwa macho yangu.”

“Nitaandika.”

Kazi ilichukua miezi mitano. Safari hii ilifanyika bandani, na upande wa pili wa bawa hakuketi Mwalimu. Muhula ulikuwa umekaza, alisema, mitihani ilikuwa karibu, na mgongo wake haukutaka tena kigoda. Aliketi Fundi Grisi. Bi Uzi alimfundisha kupokea sindano, kuzungusha ubavu, kurudisha. Fundi Grisi aliongea bila kituo: habari za injini, za mkewe aliyemkimbia akarudi, za rubani mmoja aliyesahau kofia ya tangi la mafuta juu ya bawa na kuruka nayo. Bi Uzi alicheka pale palipostahili kucheka. Lakini kuna mara alisema “Njoo,” na sindano ikapokelewa upande wa pili, na kwa pumzi moja alisahau ni mkono wa nani.

“Shemeji,” Fundi Grisi aliuliza siku moja kutoka kule asikoonekana, “hivi wewe unaitaka ndege au unamtaka Mwalimu?”

“Shona.”

“Nauliza tu. Maana ndege naweza kukutafutia mtu akupandishe kesho. Kuna rubani hapa anapandisha watu kwa kuwaonyesha mji.”

“Shona, nimesema. Umelegeza fundo.”

Hakuwa amelegeza. Lakini Bi Uzi alikuwa na jibu, na jibu lenyewe hakulipenda. Mbingu hakuwa na haja nazo. Alitaka mtu mmoja ageuze shingo, huko aliko peke yake, aseme: afadhali umekuja.

Angeweza kuharibu. Hilo nalo lilimpitia. Si kuharibu kwa kuua. Hakuwa mtu wa damu. Angeweza tu kushona ovyo kiasi cha Mkaguzi kukataa, na ndege ikae, na Mwalimu abaki barazani na chupa yake milele. Siku hiyo alishona mafundo sabini na mawili, na yote yalikuwa sawa kama meno ya chanuo. Kuna watu hata kisasi hakiwezekani kwao kwa sababu ya ufundi.

Mkaguzi alikuja, akakandamiza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akang'oa kile kibandiko chekundu.

* * *

Jumamosi ya safari ilikuwa tulivu, mawingu machache, bendera ya upepo imelala kwenye mlingoti. Mwalimu alipaa kwanza na gunia, sheria ni sheria. Alipotua, Fundi Grisi alilifungua gunia mkanda, akalikokota bandani bila utani wowote. Mwalimu alitoa kitabu. Mbele ya mkewe akaandika: kiti cha nyuma, kilo 74. Bi Uzi alisoma, akasoma tena. Alikuwa ameingia kwenye maandishi.

Fundi Grisi alimsaidia kupanda, akamkaza mkanda, akamvisha hedifoni zenye kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo.

“Makelele ya injini ni mengi, mtasikilizana kwa hizi,” alimweleza. “Kitufe cha sauti kiko mbele kwa rubani, pale juu kulia. Akikizungusha kulia mnaongea. Akikizungusha kushoto, kila mtu na moyo wake.”

Injini ikanguruma. Mbele yake Bi Uzi aliona kisogo cha mumewe, mvi zake, kola ya shati alilolishona mwezi uliopita.

“Unanisikia?” sauti ya Mwalimu ilimwingia moja kwa moja masikioni, karibu kuliko ilivyowahi kuwa kwenye mto wa kulalia.

“Nakusikia.”

“Usishike kitu chochote.”

Nyasi zikakimbia, kisha zikaanguka. Hakuna kilichomtayarisha Bi Uzi kwa hilo: kwamba ardhi ndiyo inayoondoka. Bawa la kushoto lilikuwa pale nje, linang'aa, na aliona mistari ya mafundo yake imenyooka, na kitambaa kimetuna kidogo kati ya mbavu, kinavutwa na upepo, hakiachii. Alikuwa amebebwa na mishono yake mwenyewe. Alicheka kwa sauti. Akauona mto, na shule, na uwanja wa mpira wenye nyasi zilizokufa katikati, na barabara ya duka lake nyembamba kama utepe wa kupimia.

“Mwalimu, pale si nyumbani kwetu?”

“Ndiyo.”

“Mashuka niliyoanika! Yale pale!”

“Mm.”

“Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaona. Miaka yote hii, kila Jumamosi.” Alijisogeza mbele kadiri mkanda ulivyomruhusu. Hakuwa na lawama moyoni. Alitaka Mwalimu ajue hivyo. “Ungeniambia tu jinsi kulivyo. Hata ungenihadithia ukirudi. Ile miaka tulipokuwa tunashona sebuleni, unakumbuka ulivyokuwa ukini—”

Mkono wa Mwalimu uliinuka, ukaenda juu kulia, ukazungusha kitu taratibu upande wa kushoto. Mvumo mwembamba uliokuwa masikioni mwa Bi Uzi ukakatika. Alisema maneno mawili zaidi kabla hajajua kwamba anajiambia mwenyewe.

Mwanzo alidhani ni hitilafu. Akatazama mabega ya mumewe apate kujua. Mabega yale alikuwa ameyashonea mashati kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyajua yakikakamaa siku za mitihani, aliyajua yakipandishwa na baridi, aliyajua kila yanapomwona yeye akiingia na neno mdomoni. Sasa yalikuwa yanashuka. Yalishuka pole pole, kwa raha, kama ya mtu aliyefika kwake akafunga mlango. Kola ikalala vizuri. Hakugeuka.

Walizunguka kwa dakika ishirini. Chini dunia ilikuwa nzuri kwa namna inayoumiza: vivuli vya mawingu vikitembea juu ya mashamba, mabati yakimeta moja baada ya jingine kana kwamba yanaitana. Bi Uzi alitazama yote. Hakutaka kuibiwa hata hayo. Lakini alitazama kama mtu anayetazama chumba cha nyumba aliyoambiwa si yake, akihesabu madirisha tu. Hakulia; machozi angani, alidhani, yangempa Mwalimu haki ya kumzima.

Ndege iligusa ardhi kwa ulaini ambao hata Fundi Grisi aliusifu. Mwalimu aliruka chini, uso wake umefunguka kama wa kijana, akampa mkewe mkono. Alikuwa na furaha ya kweli. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote: kwamba hakuona kuwa lolote limetokea.

“Umeona?” alisema. “Haya. Nimetimiza.”

“Umetimiza.”

“Vipi, shemeji,” Fundi Grisi aliuliza, akimvua hedifoni, “mbinguni kukoje?”

“Kuzuri,” alisema Bi Uzi. “Hakuna makelele.” Kisha akamgeukia mumewe, akafungua pochi yake ndogo na kuifunga, kama abiria anayejikagua kabla ya kuondoka. “Asante, dereva.”

Mwalimu alicheka. Fundi Grisi hakucheka; aliinama akajifanya anaangalia gurudumu.

Bi Uzi aliingia bandani. Akachukua sindano zake ndefu, moja baada ya nyingine, akazifunga ndani ya kitambaa. Akachukua donge la nta, mkasi, tondoo ya kidoleni, pasi na kipimajoto chake, akavitia kwenye kapu. Mwalimu alisimama mlangoni, bado ana tabasamu.

“Viache tu hapo. Wiki ijayo kuna kipande cha mkia, pale Mkaguzi alipotaka paongezwe utepe.”

“Tafuta fundi.”

“Fundi gani?” Mwalimu alicheka tena, safari hii kidogo. “Nani mwingine anashona ndege mji huu?”

“Sijui, Mwalimu. Uliza.”

Alipita mbele yake. Mwalimu alimwambia angoje amalize kuandika kitabu ili amrudishe kwa gari; Bi Uzi akasema atatembea. Mwalimu akamwita mara moja, kwa jina la duka, Bi Uzi, kama wateja wanavyomwita. Fundi Grisi alikwenda kumfungulia geti, ingawa lilikuwa wazi.

Alifuata uzio mpaka barabarani, kapu mkononi. Siku hiyo alikuwa na suruali tatu za kupunguza, na mwenye mojawapo alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, anamsubiri.